Unga wa Mgeni

Mtoto alilazwa kifudifudi, kwa sababu chali asingeweza kulala. Chini kidogo ya kiuno, mahali ambapo kwa watoto wengine mgongo hujifunga wenyewe, kwake palikuwa na uvimbe mwekundu wa ukubwa wa ndimu, umefunikwa kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi. Kila shashi ilipoanza kukauka, baba yake aliidondoshea maji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, kama alivyoelekezwa. Alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo. Kwa miaka minne alikuwa akilipwa kupima vitu vidogo.

Miguu ya mtoto haikuchezacheza. Mama yake alikwisha kuitekenya nyayoni mara nyingi tangu jana, kwa siri, akidhani mumewe haoni.

Muuguzi wa lishe alifika na karatasi yake ya maswali. Hakuwa mtu mbaya. Alivuta kiti, akakaa, akauliza kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia, maana maskini hata ugonjwa wake husomwa hadharani.

"Kliniki ulianza mimba ikiwa na miezi mingapi, mama?"

"Minne, Sista."

"Vidonge ulipewa?"

"Nilipewa, na vyote nilimeza."

"Na nyumbani mnakula unga gani?"

Mama mzazi akajiinua kwenye mto. Hilo lilikuwa swali lake. "Wa kiwanda, Sista, ule ulioandikwa umeongezwa vitamini. Mume wangu huyu anafanya kazi hapohapo, na kila mwezi anapewa mfuko. Tena yeye ndiye mtia vitamini mwenyewe."

"Kumbe!" Sista alimtazama mwanamume kwa heshima kidogo.

"Na mimi nyumbani ananiongezea nyingine. Kijiko kimoja na nusu kwa kila debe, tangu sijashika mimba. Anachekecha mwenyewe, mara tatu."

Kalamu ikasimama. "Anaongezea nini?"

"Mama watoto," mumewe alisema polepole, "mwache Sista afanye kazi yake."

"Si namwambia ukweli? Asije akadhani nilikuwa nakula ovyo."

Sista aliandika. Aliandika mistari mingi kuliko maneno aliyoambiwa.

Kiwandani baba huyo walimwita Daktari. Lilikuwa jina la mzaha, nalo lilianza siku aliporudi kutoka kwenye semina ya siku mbili, beji shingoni, hataki kuivua. Katika wapakiaji, waendesha mashine na washona mifuko wote, alichaguliwa yeye kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Yote aliyoyasikia huko aliyabeba kichwani, na kila mapumziko ya mchana akawa anawahubiria wenzake. Vitamini A ni ya macho na kinga ya mwili; mtoto akiikosa, jua likizama anapapasa ukuta, na surua ya kupita tu inamchukua. B moja ni ya neva na moyo, na asiyeipata miguu humwaka moto kisha ikalegea. B tatu ikikosekana, ngozi ya shingo inachubuka kama imeungua, na mwishowe akili yenyewe inahama. B kumi na mbili ni ya damu. C haitiwi kwenye unga kwa sababu moto wa jiko unaiua. Mtu aitafute kwenye matunda kama hataki fizi zimtoke damu. D inaletwa na jua, "na jua tunalo, tajiri bado hajalijengea ukuta."

"Na B tisa?" walimchokoza, wakijua ndiyo mpenzi wake.

B tisa ndiyo inayofunga uti wa mgongo wa mtoto tumboni. Inaufunga ndani ya wiki nne za kwanza, mama mwenyewe hajajua kama ana mimba. Ikija baada ya hapo imekuta shughuli imekwisha.

"Daktari, mgongo unaniuma," mpakiaji mmoja alisema siku moja. "Nipe B tisa."

"Wewe acha kubeba mifuko miwili miwili."

"Nikiacha, hiyo vitamini yako nitaila na nini?"

Walicheka, na yeye akacheka nao.

Kazi yake ilikuwa juu ya mashine ya mwisho. Hapo, kabla unga haujashuka mifukoni, palikuwa na kisanduku cha chuma kilichodondosha vitamini kidogo kidogo, nusu kilo kwa kila tani. Wafanyakazi walikiita Mnyonyeshaji. Haukupita mwezi tangu ile semina, Meneja akapanda ngazi mwenyewe na kukizima. Alisema kinamaliza umeme. Umeme wa kisanduku kile haukuzidi wa redio ya mlinzi, lakini hakuna aliyesema hivyo.

Daftari halikuzimwa. Kila zamu Daktari aliandika tarehe, tani zilizosagwa na vitamini iliyotiwa, kisha akaweka saini. Siku ya kwanza aliandika akitazama mlango. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa akiandika huku anapiga soga.

Mkaguzi alikuja kila baada ya miezi mitatu, na siku yake ilijulikana mapema kuliko sikukuu. Asubuhi hiyo Meneja alifungua droo ya ofisini kwake kwa ufunguo, akatoa pakiti moja ya vitamini, Mnyonyeshaji akawashwa, ikasagwa mifuko ishirini. Huo ndio walioita unga wa mgeni. Mkaguzi alichota humo kwa kijiko chake, akatia kwenye chupa, akanywa soda baridi, akaaga. Unga uliobaki haukwenda dukani. Ulipakiwa kwenye gari la Meneja, nyumbani kwake kulikokuwa na watoto watatu wenye mashavu, na mbebaji alikuwa Daktari.

Aliyajua hayo na alinyamaza. Angemwambia nani? Kila asubuhi nje ya geti walisimama watu wanaoitaka kazi yake, na wamo waliokuwa na mwandiko mzuri kuliko wake.

Mkewe alipoanza kusema kwamba binti yao amekuwa mpweke, anahitaji mwenzake, Daktari alifanya jambo aliloliona ni la akili kuliko yote aliyowahi kufanya. Stoo kulikuwa na maboksi kumi na mawili ya vitamini, yamepangwa ukutani mkaguzi ayahesabu. Moja lilikuwa wazi. Kila Jumamosi alipotumwa uzi wa kushonea mifuko, alichota humo unga wa manjano kujaza kibiriti kimoja, akakisukumia ndani ya soksi. Nyumbani alipima kama alivyofundishwa. Akachekecha mara tatu, akaukoroga unga wa familia yake hadi ndani kabisa ya debe, mke amesimama pembeni anamtania kwamba ameolewa na mkemia.

Aliiba, ndiyo, na alijua anaiba. Kila alipochekecha aliwaonea wengine huruma kidogo, na moyo wake ukatulia sana kwa ajili ya walio wake. Mji mzima ungekula unga mtupu lakini si mtoto wake.

Daktari wa kweli, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha, alifika saa nne. Akainua shashi, akatazama, akaifunika.

"Huyu ni wa tisa mwaka huu," alisema. "Zamani tulikuwa tunapata mmoja, wawili. Tumepeleka unga wa maduka ya hapa ukapimwe, majibu yanakuja leo." Kisha akawageukia. "Mgongo huu ufungwe leo au kesho. Uchafu ukipita hapa unapanda moja kwa moja kichwani."

"Na miguu, Daktari?" mama aliuliza.

"Mama, miguu siwezi kukuahidi. Mimi naongelea uhai."

Mpasuaji alikuwepo. Nusu kaputi na nyuzi na vifaa vingine hospitali haikuwa navyo. Familia inunue, au mwajiri alete barua ya dhamana. Baba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai. Kununua hakukuwa neno la kwao, basi ikabaki barua.

Kitanda cha pili alikuwa mwanamke mwembamba, aliyekuwa nje anafua Sista alipopita, mwenye mtoto wa siku sita, naye amelazwa kifudifudi vilevile. Kichwa cha mtoto huyo kilikwisha kuanza kujaa maji. Mumewe alibeba mizigo sokoni, na mwajiri wake ulikuwa mgongo wake. Alisikia neno barua, akageuza uso ukutani.

"Nenda," mke wa Daktari alimwambia mumewe. "Hayo maji nitadondosha mimi. Nenda uwaombe, ni watu. Miaka minne hujachelewa hata siku moja."

Hakwenda ofisini kwanza. Alipita stoo. Mtunza stoo alikuwa mwanamke wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, na Meneja naye alimwita hivyohivyo alipotaka kitu.

"Hongera mwanangu! Umeleta nani?"

"Wa kiume. Shangazi, mgongo haukufunga."

Shangazi akaketi juu ya marobota ya mifuko mitupu. "Pole. Pole sana, mwanangu. Ni mipango ya Mungu."

"Mungu tusimsingizie. Nilimpa mama yake, Shangazi. Kila wiki nilimpa. Kabla ya mimba, na wakati wa mimba. Sikuruka wiki hata moja. Imekuwaje?"

"Ulimpa nini?"

Akanyoosha kidole kwenye boksi lililo wazi.

Shangazi alilitazama boksi, akamtazama yeye, akautazama mlango. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kifupi, kama kikohozi, kisha akaziba mdomo kwa kiganja na macho yake yakajaa machozi.

"Kumbe ni wewe! Mimi nilijua kuna mtu anachota. Nikasema mwache, labda ana kuku wake."

"Shangazi."

"Njoo hapa."

Alilivuta boksi hadi kwenye mwanga wa dirisha, akafunua nailoni. Pembeni, palipokunjika, fukusi walikuwa wanatembea, wengi, weusi, wanene.

"Umekaa semina siku mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Hivi walikufundisha ni vitamini gani fukusi anajengea nyumba? Huu ni wanga na rangi, mwanangu. Yaliletwa hivihivi mwaka juzi, na vibandiko vyake vyote. Ya kweli hayajawahi kuingia stoo yangu. Ya kweli ni ile pakiti ya kwenye droo, basi."

Daktari aliingiza mkono ndani ya boksi. Akasugua unga kati ya vidole, akaunusa, akaulamba. Mwaka mzima na zaidi aliubeba, na hata siku moja hakuwahi kuulamba, kwa kuwa alifundishwa kwamba ni mkali na usiguswe na ulimi. Haukuwa mkali hata kidogo. Ulikuwa na ladha ya gundi ya shule.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe habari ya daftari lako ulimwambia nani?"

Kiwanda kizima kilikuwa hivyo, kila mtu amekalia kipande chake cha ukweli na hakuna aliyethubutu kuinuka.

"Nina wajukuu wanne wanaokula kwenye mshahara huu," Shangazi alisema, akilirudisha boksi mahali pake na kulinyoosha liwe sawa na mengine. "Nenda kaombe barua yako. Ila mimi usinitaje, nakuomba kwa huyo mtoto."

Meneja alikuwa kijana mtaratibu, mkwe wa tajiri, asiyepaza sauti. "Karibu, Daktari," alisema. "Kaa."

Hapo ndipo Daktari alipoogopa. Tangu aajiriwe hajawahi kuambiwa akae katika chumba kile.

"Nimesikia habari za mtoto. Pole sana. Mimi pia ni mzazi."

"Asante, bosi. Nimekuja kuomba barua ya dhamana. Wanasema afanyiwe leo au kesho."

"Barua iko hapa." Na kweli ilikuwepo mezani, imeshapigwa chapa. Kando yake palikuwa na karatasi ya pili. "Hospitali wamepima unga wetu, unajua? Hawakukuta kitu. Wizarani wamenipigia simu asubuhi hii. Halafu hospitali wakapiga tena, wakanisomea alichoandika muuguzi wao. Mkeo anaongea vizuri sana, Daktari. Mpaka vijiko amevitaja."

Feni ya dari ilizunguka. Daktari alijitazama mikono, ina manjano kwenye kucha.

"Bosi, Mnyonyeshaji ulimzima wewe."

"Nani aliona?"

"Wote waliona."

"Wote nani? Niwaite, mmoja mmoja, wasimame hapo ulipo?"

Daktari aliwapitisha kichwani: mpakiaji, washona mifuko, mwendesha mashine mwenye mke mgonjwa. Aliwaona wakiingia mmoja mmoja, kofia mkononi, wakitazama sakafu.

"Na yale maboksi ni wanga," alisema.

Meneja hakushtuka. "Nani amekuambia?"

Dirishani ulionekana mlango wa stoo. Daktari hakuutazama. "Fukusi," alijibu.

Meneja alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli, la mtu aliyefurahishwa. "Haya. Tuseme fukusi ni mashahidi wazuri. Yale ni wanga, kwa hiyo hukuiba vitamini. Lakini hapa nina daftari lenye saini yako kila zamu, miaka minne: vitamini nusu kilo kwa tani. Kama hukuwa nazo, ulikuwa unatia nini humo? Basi umewaandikia watu uongo miaka minne, na watoto tisa hawa ni wako. Na kama ulikuwa nazo na kwenye unga hazimo, basi umezipeleka mahali. Chagua mwenyewe. Mimi ningekuwa wewe ningechagua wizi. Wizi ni kosa dogo."

Aliisogeza karatasi ya pili.

Daktari aliisoma yote, kwa sababu alikuwa msomaji. *Mimi, mchanganyaji wa vitamini, nakiri kwa hiari yangu kwamba kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikiiba vitamini zilizotolewa na kiwanda na kuzitumia nyumbani kwangu, bila uongozi kujua.*

"Bosi, vitamini za miaka minne ni magunia. Hakuna familia inayoweza kuzila. Mtu yeyote akipiga hesabu ataona."

"Hakuna atakayepiga hesabu."

"Na polisi?"

"Hiyo ni karatasi ya ofisini, ya kuwekwa kwenye faili. Wizara inataka jibu, nasi tunalipeleka jibu. Ukisaini hiyo, mimi nasaini hii, na dereva anakurudisha hospitali sasa hivi. Sisi si wanyama, Daktari."

Kalamu iliwekwa mbele yake, kifuniko kimeshavuliwa. Aliwaza kuinuka. Aliwaza kwenda kwa yule daktari mwenye macho ya usingizi, amweleze tangu mwanzo, droo, pakiti, gari, kila kitu. Angesikilizwa labda. Ingeundwa kamati, mkaguzi angetumwa na kijiko chake. Mtoto alikuwa na hadi kesho. Mwenye shida hachagui pa kushika, na alichukia kwamba Meneja alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Alimchukia mpaka masikio yakamwaka.

Alisaini. Saini ilitoka nzuri, kama zile zote za daftarini.

Meneja naye akasaini ya kwake, akaipuliza wino ukauke. "Mungu amjalie," alisema.

Wodini mkewe aliisoma barua mara mbili na kuibusu. "Umewaambiaje wakakubali upesi hivi?"

"Niliwaomba."

"Si nilikwambia? Nilikwambia ni watu."

Saa nane walikuja kumchukua mtoto. Mhudumu mwenye sare ya kijani alimbeba, mama akafuata nyuma kwa hatua za mtu mwenye mshono, akaenda kuketi kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Baba aliambiwa abaki, karatasi zake nyingine zinaletwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda kilichobaki na alama ya mwili mdogo kwenye shuka.

"Hongera," mama wa kitanda cha pili alisema.

"Asante, dada."

"Na mimi nielekeze hiyo ofisi, baba. Nikamwambie mume wangu aende. Ni kweli sisi si wafanyakazi wao, lakini unga wao tumeula. Si mteja ni ndugu?"

"Hawatampa," Daktari alisema.

"Akiwaomba vizuri?"

"Hata akiwaomba vizuri."

Alilipokea jibu hilo kama mtu aliyezoea kupokea. Baadaye akasema, "Sista alikuwa hapa na mwenzake wanazungumza. Kumbe kuna mfanyakazi mmoja hukohuko alikuwa anaziiba hizo vitamini. Miaka minne! Wewe unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ana watoto?"

"Wawili."

"Na wako wazima?"

Daktari alitazama mikono yake. Alitaka kumwambia. Neno lilifika hadi kwenye meno: lile boksi, wale fukusi, ile droo. Lakini angeanzia wapi, na akimaliza, huyu mwanamke angefanya nini na ukweli huo akiwa na mtoto ambaye kichwa kinajaa? Angepeleka wapi? Na dhamana ilikuwa imesainiwa na mtu yuleyule.

"Mmoja mzima," alisema.

Mwanamke aliguna. Akakusanya nepi alizozirundika chini ya kitanda. "Nishikie huyu, baba, nikafue mara moja kabla maji hayajakatika. Wewe unajua kumshika. Wengine hapa wanaogopa kumgusa."

Akamlaza mtoto juu ya mikono ya Daktari, kifua kwenye kiganja kimoja, mapaja kwenye kingine, kichwa kizito kikapumzika kwenye kiwiko. Daktari aliubana mkono mmoja ubavuni ili asitikisike. Mtoto alipumua kwa haraka, akasinzia.

Askari wawili waliingia kwa mlango wa mbele. Wa mbele alikuwa na karatasi. Walisimama kitanda cha karibu na mlango, wakauliza, wakasogea kinachofuata, wakauliza. Hawakuwa na haraka. Sista alitokea na trei yake, akawasikiliza, akageuka, akamtazama Daktari kwa muda mrefu, kisha akaelekeza kwa kidevu.

"Wewe ndiye mtia vitamini?" wa mbele aliuliza walipofika.

"Ndiyo."

"Inuka."

"Siwezi. Nimeshika mtoto."

"Mpe mwenyewe."

"Mama yake amekwenda kufua."

Askari aliweka karatasi mfukoni, akanyoosha mikono ampokee. Akauona mgongo. Mikono ikabaki hewani, kisha akairudisha nyuma na kuifuta kwenye suruali. Alimtazama Sista, lakini Sista alikuwa ameshaendelea na trei yake.

"Basi tumngoje," alisema mwenzake.

Wakaketi kitandani, mmoja kushoto kwake, mmoja kulia. Chemchemi za kitanda zililia. Wanawake wote wa wodi waligeukia upande wao, na Daktari akakaa katikati na mtoto wa watu mikononi, anahesabu pumzi zake asizikose.

Mlango wa nyuma, ule wa kwenda kwenye upasuaji, ukafunguliwa. Mhudumu wa kijani alichungulia, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Baba wa mtoto wa upasuaji!" aliita. "Aje upesi."

Daktari alijaribu kuinuka kwa magoti, mikono ikiwa palepale. Askari wa kulia alimwekea kiganja begani, bila nguvu nyingi, akamrudisha chini.

"Tumesema tunamngoja mama wa huyu."

"Ananiita mimi."

"Tunasikia."

Mhudumu alipitisha macho kwenye vitanda, kimoja baada ya kingine, akimtafuta baba mwenye mikono mitupu. Akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi. Kisha akaufunga mlango.